Mwanamke Aliyempima Igoki Uso

Majuzi nilikuwa Kaaga, mjini Meru, kwenye sherehe ya posa ya binti wa rafiki yangu. Wazee walikaa upande wao wakizungusha muratina, pombe ya asali, na sisi wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba tukipakua mukimo wa viazi na mahindi. Kando yangu alikaa msichana mmoja mwenye mimba changa, uso umemshuka kwa kichefuchefu. Shangazi yake akaja na kikombe kilichofunikwa kwa kiganja.

"Onja kidogo tu," akamwambia. "Hii ni asali. Itakutuliza tumbo."

Harufu ilinifikia kabla ya kikombe kumfikia yule msichana. Asali iliyochacha, na ndani yake ule ukali kama wa gome la mti lililolowa. Nilinyoosha mkono, nikakichukua kikombe kutoka kwa mtu nisiyemjua, nikakimwaga chini mbele ya watu. Shangazi aliniangalia kama mwendawazimu, kisha akaniuliza kama nimeokoka. Nilimjibu kwamba tangawizi itamfaa zaidi, nikaendelea kupakua. Lakini tangu wakati huo sikusikia tena hotuba za wazee. Nilikuwa nimerudi Siakago, nikiwa mtoto, nimechuchumaa nje ya dirisha la mbao nikimpeleleza mwanamke niliyeamini amekuja kumuua mdogo wangu.

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa bondeni ambako mchanga huunguza nyayo na mbuzi hula mpaka vichaka vya miiba. Baba alifanya kazi Laare, huko kwenye mashamba ya miraa, akifunga mabunda ya kusafirishwa. Tulimwona kwa nadra. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanawake watupu: Mama, Shosho ambaye ni mama yake Baba, mimi Marigu, na mdogo wangu Igoki.

Igoki alikuwa mdogo kwa umbo hata kuliko watoto aliowazidi umri. Macho yake yalikuwa membamba, mdomo wa juu ulikuwa mwembamba kama mstari, na pale kati ya pua na mdomo, mahali ambapo sisi wengine tuna kijishimo, yeye palikuwa laini kabisa. Mimi niliona ni uzuri wake tu. Alipenda watu kupita kiasi. Mgeni akipita njiani Igoki alimkimbilia na kumshika mkono, na asipozuiwa angeenda naye hadi sokoni.

Lakini kulikuwa na mambo yaliyotuchosha. Ukimwambia, "Nenda jikoni ulete chumvi, upitie kamba uanue nguo, halafu ufunge kuku," ungemkuta baadaye amekaa kizingitini, mikono mitupu, akitazama siafu. Leo angejua herufi zote za jina lake. Kesho yake angezitazama kana kwamba hajawahi kuziona. Mwalimu alimchapa kwa hilo, akachoka kumchapa, kisha akaanza kumrudisha nyumbani mapema. Na alichukua vitu. Kitana cha jirani. Funguo za mwalimu, kwa sababu zilikuwa zinalia vizuri. Ukimuuliza, "Ni wewe umechukua?" alisema ndiyo. Ukimuuliza kwa nini, alikutazama usoni kwa makini mpaka umpe sababu wewe mwenyewe, halafu akaikubali.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema alipewa jina vibaya. Wengine walisema ni jicho la mtu. Kuna mama mmoja wa kanisani aliyesema mbele yangu kwamba mtoto huyo analipia kitu, na alipoona nasikiliza akabadilisha mazungumzo. Tangu hapo nilianza kuwachunguza watu wote waliomtazama Igoki kwa muda mrefu.

Mtu pekee ambaye sikumshuku ni Shosho. Shosho alikuwa wangu. Jikoni kwake ndiko nilikofanyia kazi za shule, juu ya gunia la mtama, naye akikoroga chungu. Alijulikana kwa kutengeneza muratina ya sherehe. Matunda marefu ya mti wa muratina, yale yanayofanana na viazi vitamu vikubwa, alikuwa akiyapasua na kuyaanika juu ya paa, na siku ya kuchachusha asali jiko zima lilinukia mpaka nguo zangu za shule. Nilipenda harufu hiyo. Kwangu ilikuwa harufu ya kubembelezwa.

Yule mwanamke alianza kuja wakati wa kiangazi. Alifika kwa bodaboda, amevaa koti hata kwenye jua kali, na mkoba mweusi mkubwa mapajani. Mama alimwita Madam Kendi. Alikuwa mtu wa Meru, na kwa kuwa hakuelewa Kimbeere chetu vizuri, yeye na Mama walizungumza Kiswahili. Hilo peke yake lilinitia shaka. Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha askari na cha watu wa serikali. Mama akizungumza Kiswahili chumbani, mlango umefungwa, basi kulikuwa na jambo.

Sasa ni lazima mjue kwamba majira hayo shuleni tulikuwa tunaambiana habari za watu wanaobeba watoto. Wanakuja na mikoba, tulisema. Wanakupa peremende. Wanachukua macho na damu. Nani aliyezianzisha habari hizo sijui, lakini hakuna mtoto wa rika langu aliyelala vizuri. Na huyu hapa alikuwa mwanamke mgeni, ana mkoba, na kitu cha kwanza alichonipa kilikuwa peremende.

Sikuila. Niliisaga kwa jiwe nikamtupia kuku mmoja mwekundu, nikakaa kumtazama. Kuku alikula, akafuta mdomo mchangani, akaendelea na maisha yake. Jioni alikuwa bado mzima. Nikaamua kwamba ni sumu ya polepole.

Siku nyingine alipokuja nilijificha nje ya dirisha la chumba cha Mama. Mbao zilikuwa zimeachana kidogo. Nilimwona Madam Kendi amemkalisha Igoki kwenye kiti, ameshika rula ndogo ya plastiki inayopitisha mwanga. Akamwekea chini ya jicho, kutoka pembe hadi pembe, akanong'ona namba. Akahamia jicho la pili. Kisha akainama akautazama mdomo wa Igoki kwa karibu mno, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

Babu yangu alipokufa nilimwona fundi wa majeneza akija na futi kumpima. Kwa hiyo nilijua watu hupimwa kwa nini. Nikasogeza sikio kwenye ufa wa mbao.

"Pole kwa kukuuliza tena, Mama Marigu," nikamsikia Madam akisema. "Ukiwa na mimba yake, ulikuwa unakunywa?"

 Halafu sauti ya Mama, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Nilikunywa."

"Mara kwa mara?"

"Karibu kila siku. Nilikuwa natapika sana. Chakula hakikai. Hiyo ndiyo ilikuwa inakaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka karibu nimzae."

"Basi na yeye alikunywa," Madam akasema taratibu. "Kila ulipokunywa, na yeye alikunywa."

Mama akaanza kulia. Mimi nikaondoka pale nikitambaa. Sikuelewa mtoto ambaye hajazaliwa anawezaje kunywa kitu. Nilichoelewa ni kwamba Igoki alinyweshwa kitu kibaya, Mama anakijua, na huyu mwanamke amekuja kupima kama kimefika machoni.

Nilikimbilia wapi kama si kwa Shosho? Alikuwa anakoroga uji. Nilimweleza yote, nikiruka maneno na kuyarudia: rula, macho, kunywa, kila siku. Nilitarajia akimbie kwenda kumfukuza yule mgeni. Badala yake mwiko ulisimama chunguni. Uji ukaanza kushika chini, nikausikia unavyoungua, naye hakuutikisa.

"Walisema ni kikombe cha nani?" akaniuliza.

"Kikombe?"

"Hicho alichokunywa mama yako. Alisema alipewa na nani?"

"Hakusema."

Shosho akatoa pumzi, akaanza kukoroga tena. Mimi nikaona jinsi alivyo mwerevu: tayari anamtafuta mchawi kwa kufuata kikombe. "Usimwache mdogo wako peke yake na huyo mwanamke," akaniambia. "Anakuja kutafuta maneno katika boma la watu. Ukisikia pikipiki, mchukue Igoki mwende shambani."

Nilifanya hivyo. Pikipiki iliposikika bondeni nilimvuta Igoki kati ya mabua ya mtama, nikamziba mdomo, nikamwambia anyamaze kabisa. Aliitikia kwa kichwa. Alinyamaza kwa muda wa kupepesa jicho tu, kisha akaona koti la Madam kupitia mabua, akaniponyoka kama samaki, akakimbia huku mikono imefunguka. Madam alimpokea, vicheko vyao viwili vikagongana. Nilibaki ndani ya mtama nikilia kwa hasira. Nilimlinda mtu asiyetaka kulindwa.

Kwa vile nilishindwa kumficha, nilianza kukaa naye chumbani. Madam Kendi hakunifukuza. Nilishangaa kuona yaliyotoka mkobani: shanga kubwa za mbao, uzi, na picha zilizochorwa kwenye kadi. Picha ya mtoto anapiga mswaki. Picha ya mtoto anavaa viatu. Zilibandikwa ukutani moja chini ya nyingine karibu na kitanda chetu, na asubuhi Mama alimpeleka Igoki mbele yake, akamgusisha kidole kwenye moja, akasubiri amalize, ndipo wakahamia inayofuata. Niliona kwamba Igoki alianza kuvaa viatu bila kugombezwa. Hilo nalo lilinitisha. Nilijiambia ndivyo wanavyowafunza kutii kabla ya kuwachukua.

Kisha ghala la Mzee Ireri likaungua.

Mzee Ireri alikuwa jirani yetu, mtu wa mizinga ya nyuki na mavuno mazuri ya mawele. Nilikuwa narudi kutoka shuleni nilipouona moshi, mweusi na mnene. Nilipofika watu walikuwa wanamwaga mchanga na maji, lakini paa lilikuwa limekwisha kuanguka ndani. Chakula cha mwaka mzima cha nyumba hiyo kilikuwa kinanuka kama bisi zilizoungua. Na pale kando, majivu yakiwa yamempanda mpaka magotini, macho yakiwa yamekodolea moto kwa furaha, alikuwa amesimama Igoki. Mwalimu alikuwa amemrudisha nyumbani mapema.

"Ni wewe?" mtu akamuuliza kwa ukali. "Ni wewe umewasha?"

Igoki akamtazama yule mtu usoni. "Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Mwanamke mmoja alimchapa kofi. Mwingine akamshika mkono akisema apelekwe polisi. Mama alifika mbio kutoka sokoni, leso imemwanguka njiani, akamkumbatia Igoki na kumfunika na mwili wake hadi naibu wa chifu alipokuja. Naibu alitawanya watu, akasema jambo hilo litasikizwa Jumamosi, mbele ya ofisi yake, na kila mtu aje.

Mimi nilikuwa na mshukiwa wangu. Siku hiyo asubuhi Madam Kendi alikuwa amekuja. Nilimwambia Shosho, naye hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Mambo yalianza kuharibika hapa mwanamke huyo alipoingia." Alisema tena kisimani, na watu walimsikia. Kufikia Ijumaa niliwasikia wenzangu shuleni wakisema kwetu kuna mwanamke wa mkoba anayefundisha mtoto kuchoma nyumba. Nilijisikia kwamba hatimaye mtu ananiamini.

Jumamosi tulikaa kwenye mabenchi mbele ya ofisi ya naibu wa chifu, chini ya paa la mabati lililokuwa likilia kwa joto. Shosho alikaa na wanawake wazee. Mama alikaa mbele, Igoki mapajani mwake, ingawa alikuwa amekua kupita kupakatwa. Madam Kendi hakuwepo. Mama alikuwa amemwomba asije, ili watu wasipate wa kumrushia maneno.

Naibu alimsimamisha Igoki. Alijaribu kuwa mpole.

"Igoki, usiogope. Ni wewe ulichoma ghala la Mzee Ireri?"

"Ndiyo."

"Kwa kiberiti?"

"Ndiyo."

"Ulikitoa wapi?"

Igoki akatazama huku na huku. "Jikoni."

Watu wakanung'unika. Mzee Ireri akapiga goti lake kwa kiganja: "Si mmesikia? Amesema mwenyewe! Mnataka nini tena?"

Mama akasimama. "Mheshimiwa, naomba nimuulize na mimi."

"Uliza, Mama Marigu."

Akachuchumaa mbele ya Igoki, akamshika mikono yote miwili. Sauti yake ilikuwa ileile ya kumwita kula. "Igoki, mlipokuwa mnachoma, Mzee Ireri alikuwa na wewe?"

"Ndiyo."

"Alikuwa ameshika nini?"

"Mafuta."

Mtu akacheka nyuma. Mzee Ireri akataka kusimama.

"Na mkubwa huyu, naibu wa chifu, naye alikuwepo?"

"Ndiyo."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Hiyo shati," Igoki akasema, akinyoosha kidole kwenye sare ya naibu, huku akitabasamu kwa kuwa sasa alikuwa anapata majibu yote.

"Na mimi?"

"Na wewe, Mama. Ulikuwa unaimba."

Hakuna aliyecheka tena. Mama akamrudisha kwenye benchi, akawageukia watu. "Mmemuona," akasema. "Huyu mtoto hajui kudanganya. Anatafuta jibu ambalo litafanya muache kumkasirikia. Mkimuuliza kama ndiye alichoma soko la Siakago, atasema ndiyo. Kama alichoma ghala au hakuchoma, mimi sijui, sikuwepo. Lakini hiyo 'ndiyo' yake si ushahidi."

"Basi amerogwa!" mwanamke mmoja akasema. "Tuambie ni nani amemroga. Ni yule wa mkoba?"

"Hajarogwa." Mama alimgeukia yule mwanamke. Ninakumbuka alivaa blauzi nyeupe ya chama cha akina mama wa kanisa, aliyokuwa akiongoza, na nilidhani ameivaa ili watu wamheshimu. "Nilikunywa pombe nikiwa na mimba yake. Muratina, karibu kila siku. Sikujua. Pombe inaingia kwa mtoto, inamkuta bado anaumbwa, ubongo wake unaumia mahali ambapo huwezi kuona. Ndiyo sababu anasahau. Ndiyo sababu anachukua vitu bila kujua kesho itakuwaje. Huyo Madam ni mtu wa hospitali, anakuja kutufundisha namna ya kuishi naye, kwa sababu hakuna dawa ya kuliondoa. Si jicho la mtu. Si jina. Ni mimi."

 Halafu mzee mmoja akauliza, "Nani alikupa pombe, mwanamke mwenye mimba?"

Niligeuka kumtazama Shosho, kwa kuwa hilo ndilo swali aliloniuliza mimi jikoni, na nilitaka kuona furaha yake mchawi akitajwa. Shosho hakuwa na furaha. Alikuwa ameshika ncha ya leso yake kwa mikono yote miwili, anaizungusha, anaizungusha, na midomo yake ilikuwa imekauka rangi ya majivu. Ndipo nilipojua. Sikuambiwa na mtu. Nilikumbuka tu ni jikoni kwa nani palikuwa na muratina katika boma letu.

Mama alimtazama yule mzee. Hakuangalia kwingine kabisa. "Nilikuwa na mikono yangu," akasema. "Kikombe nilikishika mwenyewe."

Naibu wa chifu alisema hawezi kumshika mtoto kwa maneno kama yale, akawaomba majirani wamsaidie Mzee Ireri kwa mawele kila mtu na uwezo wake. Wakati watu wanainuka, nilimsikia mke wa Mzee Ireri akimuuliza mumewe kwa sauti ya chini, je, si siku ileile alikuwa amevuna asali, na ule mwenge wa kufukiza nyuki aliuegemeza wapi? Mumewe alimwambia afunge mdomo. Mpaka leo sijui. Kuna watu Siakago wanaoamini ni Igoki, kuna wanaoamini ni ule mwenge, na mimi nimekuwa mtu mzima bila kupata ukweli wake.

Ambacho hakikuwa na shaka ni gharama ya siku ile. Chama cha akina mama kilipata kiongozi mwingine, kimyakimya, bila kikao. Wanawake waliokuwa wakipita kwetu kuomba moto walianza kuzunguka njia ya mbali. Baba aliporudi kutoka Laare alikaa na Mama nyuma ya nyumba jioni nzima. Sikusikia walichosema, lakini asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya zile picha ukutani, akizitazama moja baada ya nyingine kama mtu anayejifunza kusoma.

Mimi na Shosho tuliogopana. Niliendelea kwenda jikoni kwake, nikakaa juu ya gunia lilelile, lakini nilikuwa nachungulia kila alichotia chunguni. Alinipa uji nikasubiri kwanza aunywe yeye. Aliona. Alikunywa, akanirudishia. Ukiwa mtoto na mtu uliyemwamini kuliko wote akageuka hivyo mbele yako, unaanza kushuku hata maji.

Madam Kendi aliporudi, Shosho alitokea mlangoni na kigoda chake mkononi. Mama alishtuka, akaanza kujipangusa mikono. Shosho aliketi karibu na mlango, akasema kwa Kimbeere, akimwelekeza Mama amtafsirie yule mgeni:

"Mwambie ni mimi nilimpa."

Mama akasema, "Mama, si lazima."

"Mwambie. Alikuwa anatapika mpaka damu. Mimi mwenyewe nilipewa na mama mkwe wangu, na watoto wangu wakatoka wazima. Nilidhani namlisha. Kila siku nilimletea hapo kitandani, na asipomaliza nilimgombeza. Mwambie, halafu mwulize ni kikombe kipi. Nataka kujua ni kikombe kipi kilimharibu mtoto."

Mama alitafsiri, sauti ikikatika. Madam Kendi alivua miwani yake. Nilimtazama kwa makini, bado nikitafuta hila, na niliona mtu aliyechoka na njia ndefu, mwenye vumbi shingoni.

"Hakuna anayeweza kukuambia, Shosho," akasema, Mama akigeuza kwa Kimbeere. "Hata daktari mkubwa. Watoto wengine huumia, wengine la, na hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama. Ninawaona akina mama na mashosho wengi ambao walipewa ushauri huohuo na watu waliowapenda. Sikuja kutafuta wa kulaumiwa. Kama ningetafuta huyo, nisingepata wa kunisaidia kumlea Igoki."

Shosho alisogeza kigoda chake karibu naye. "Sasa mimi nifanye nini?"

"Unapomtuma, humwambiaje?"

"Namwambia lete kuni, chota maji, fukuza mbuzi."

"Hayo ni mengi kwake. Yanaanguka njiani. Mwambie moja. Akilimaliza, mwambie la pili. Na akisahau, mwambie tena kama vile ni mara ya kwanza. Si ukaidi, Shosho. Hawezi."

Basi Shosho akajifunza. Mwanamke ambaye maisha yake yote alitoa amri tano kwa pumzi moja alisimama uani akasema, "Igoki. Kuni." Akasubiri. Igoki akaleta kuni. "Igoki. Maji." Mara ya kwanza nilitaka kucheka, kisha nikaona jasho kwenye paji la Shosho, jinsi alivyokuwa akijizuia. Alikasirika mara nyingi. Aliinua sauti, akakumbuka, akaishusha. Matunda ya muratina yaliyokuwa juu ya paa aliyashusha akayatumia kuwashia jiko, na wazee walipokuja kuagiza pombe ya harusi aliwaambia mikono inamuuma.

Na ni Shosho, si Madam, aliyegundua jambo moja kubwa. Alisema hofu yake si kwamba mtoto anasahau. Hofu yake ni ile 'ndiyo' ya Igoki. Sisi tutakufa, alisema, na kila mwenye nia mbaya atamuuliza anachotaka. Kwa hiyo jioni, tukiwa tunachambua ndengu, alianza kumuuliza Igoki maswali ya ajabu. "Igoki, ni wewe uliiba mwezi?" Igoki: "Ndiyo." "Hapana. Sema: sijui, muulize mama yangu." "Sijui, muulize mama yangu." Kesho yake tena, Igoki amesahau kabisa, na Shosho anaanza upya: ni wewe ulikunywa mto wote, ni wewe ulimng'ata punda. Mama alijiunga, nami nikajiunga. Tulifanya hivyo kiangazi na masika, miaka mingi, tukicheka, na kwa muda mrefu sana haikuingia.

Shosho ametangulia. Igoki ni mwanamke mzima sasa. Anaishi na Mama na anafuga kuku, kazi anayoipenda kwa sababu kila siku inafanana na jana. Mimi niko Meru mjini na sijapona tabia ya kushuku. Simu ya nyumbani ikilia nje ya saa zake, moyo wangu hukimbilia mabaya yote.

Mwezi uliopita ililia. Alikuwa mwenye duka sokoni Siakago, sauti yake ina moto. Simu ya mteja ilikuwa imepotea dukani, na Igoki alionekana hapo. Nilijua kinachofuata. Nilikuwa tayari nimeshika mkoba wangu kutafuta ufunguo wa nyumba.

"Amekubali?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo shida," mtu yule akasema, akiwa amekasirika kwelikweli. "Tumemuuliza, tumemuuliza, askari pia amemuuliza. Huyu dada yako ni mgumu. Anasema neno moja tu."

"Anasemaje?"

"Anasema, 'Sijui, muulize mama yangu.'"

Nilikaa chini kwenye sakafu ya nyumba yangu. Mtu yule aliendelea kuniita, haloo, haloo, akidhani simu imekatika.

"Basi fanya hivyo," nikamwambia nilipoweza kuzungumza. "Muulize mama yake. Na mimi niko njiani."